Kompyuta mpakato ya zamani: niiwekee SSD, nihamie Linux, au ninunue nyingine?

Kalamu Nyeupe (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninayo kompyuta mpakato ambayo imenitumikia kwa miaka mingi, na sasa imekuwa nzito mno. Nikiiwasha, inachukua muda mrefu kabla sijaweza kufungua chochote, na nikifungua kivinjari pamoja na waraka mmoja tu, taa ya diski huwaka mfululizo. Inatumia Windows 10, na kila mara ninakutana na ujumbe kwamba mfumo huo haupokei tena masasisho.

Nimetenga fedha kwa ajili hiyo, ila sipendi kuzitumia kisha nijute. Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni kubadilisha diski na kuweka SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka, yenye kasi zaidi), niongeze na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha niendelee na mfumo nilio nao. Ya pili ni kufanya hivyo hivyo, lakini nihamie Linux, mfumo endeshi usio wa Microsoft. Ya tatu ni kuachana nayo kabisa na kununua nyingine, iwe mpya au iliyokwisha kutumika. Naomba ushauri wa wale waliopitia uamuzi huu: ipi kati ya njia hizi ina manufaa zaidi?

Fundi wa Bodi

Ndugu mleta mada, swali lako ni la msingi, lakini umetunyima karibu mambo yote ambayo jibu lake linayategemea. Kompyuta hiyo ina prosesa gani, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote? RAM ni kiasi gani, na je, imelehemewa kwenye bodi kuu au inachomoka? Diski iliyomo ni ya kuzunguka au tayari ni SSD iliyochoka? Na zaidi ya yote, unaifanyia kazi gani?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, uandike msinfo32, na jina kamili la prosesa litatokea. Kwa prosesa za Intel za miaka hiyo, tazama tarakimu inayofuata kistari: i5-7200U ni ya kizazi cha saba, na i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Tofauti ya kizazi kimoja inaonekana ndogo, ila ndipo Microsoft walipochora mstari wa Windows 11. Wanataka Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, au kwa AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Wapo wanaosakinisha Windows 11 kwa kuyakwepa masharti hayo, lakini Microsoft hawatoi ahadi yoyote kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Ukishatujibu, mjadala utakuwa na mwelekeo.

Pengwini Mtulivu

Mimi sihitaji kusubiri maelezo zaidi, kwa sababu ushauri wangu utabaki ule ule: weka SSD, sakinisha Linux Mint (mojawapo ya aina za Linux), na mashine hiyo itaendelea kukutumikia. Mint 22 ilitoka mwaka 2024 na itapokea masasisho hadi mwaka 2029. Haiulizi kizazi cha prosesa wala TPM. Inataka prosesa ya biti 64, RAM isiyopungua gigabaiti 2, ingawa watengenezaji wenyewe wanapendekeza 4, na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba unaweza kuujaribu mfumo mzima ukiwa ndani ya fleshi, bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski yako. Iwashe kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo, kisha uangalie kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama mwanga wa kioo unapungua na kuongezeka, na kama mashine inalala unapofunga kifuniko na kuamka salama unapokifungua. Jaribu pia kichapishi chako kama unacho. Mfumo utakuwa na mwendo wa pole kwa sababu unasomwa kutoka kwenye fleshi, kwa hiyo usiuhukumu kwa kasi. Uhukumu kwa vifaa vinavyotambulika.

Mhariri Mkongwe

Ndugu Pengwini, ninaiheshimu Linux, lakini ushauri wako umeliruka swali la kazi ambalo Fundi ameliuliza kwa haki kabisa. Mimi huhariri miswada. Waandishi na wachapishaji hunitumia nyaraka za .docx zenye masahihisho yaliyofuatiliwa, maoni pembezoni, tanbihi na majedwali marefu. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumiwa kwenye Linux badala ya Word, huzifungua, wala silikatai hilo. Tatizo huja ninapourudisha waraka kwa mwenye Word: jedwali lililokuwa limeishia mwisho wa ukurasa linavuka na kuingia ukurasa unaofuata, na yaliyomo hayalingani tena na namba za kurasa. Mteja hajui wala hajali kwamba nimebadilisha mfumo endeshi. Anachokiona ni kazi iliyovurugika mikononi mwangu. Kwa hiyo kabla mleta mada hajashauriwa kuhama, lazima tujue anabadilishana nyaraka na nani.

Pengwini Mtulivu

Ndugu Mhariri, sehemu kubwa ya kusogea huko husababishwa na fonti, na dawa yake ipo. Calibri ilikuwa fonti ya msingi ya Word kuanzia toleo la 2007, hadi katika miaka ya karibuni ilipopokewa na Aptos. Ni mali ya Microsoft na haiji pamoja na Linux, na kadhalika Cambria. LibreOffice isipoipata, hutumia fonti nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi. Mstari unavunjika mahali pengine, aya inarefuka, na kuanzia hapo kila ukurasa unaofuata unasogea. Fonti za Carlito na Caladea zilichorwa makusudi ili upana wa kila herufi ulingane na ule wa Calibri na Cambria. Ukiwa nazo, mistari huvunjika pale pale.

Mhariri Mkongwe

Fonti hizo ninazo, na ni kweli zimepunguza tatizo. Ninakushukuru kwa kuwaeleza wengine. Hata hivyo, haziwezi kutibu majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali, wala makro za VBA (amri zinazojiendesha ndani ya Word) ambazo LibreOffice huziendesha kwa sehemu tu. Mchapishaji mmoja ninayefanya naye kazi ana kiolezo chenye makro za kupanga mitindo ya vichwa na marejeo, na kiolezo hicho hakijawahi kufanya kazi sawasawa nje ya Word. Kwa barua, insha na ripoti ya kawaida nitaipendekeza LibreOffice kwa moyo mmoja. Kwa kazi inayopita mikononi mwa watu wengi, sitaipendekeza hadi nione mabadiliko.

Bi Hesabu

Kabla hamjaendelea kujadili mifumo, naomba nieleze jambo lililonipata kwa upande wa diski yenyewe, kwa sababu mleta mada anakwenda kununua SSD na huenda akanunua pia ya nje kwa ajili ya kuhamishia faili zake.

Nilikuwa katika hali kama yake: mashine nzito, diski ya kuzunguka, na kumbukumbu za hesabu za miaka mingi ambazo sikuwa tayari kuzipoteza. Nikaamua kununua SSD ya nje ya kuunganisha kwa USB ili nihamishie kila kitu kwanza, ndipo fundi abadilishe diski ya ndani. Niliipata kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Ilikuja katika boksi zuri, yenye kasha la chuma, na imeandikwa terabaiti 2. Nilipoichomeka, Windows ilionyesha ukubwa ule ule unaotarajiwa kwa diski ya terabaiti 2, na kunakili kulianza bila ujumbe wowote wa hitilafu. Kasi ilikuwa ndogo, lakini niliridhika na maelezo kwamba mlango wa USB wa kompyuta yangu ni wa zamani.

Kila nilichokinakili kilionekana. Majina ya folda yalikuwapo, majina ya faili yalikuwapo, hata ukubwa wa kila faili ulikuwa sahihi. Niliendelea kuitumia na kuongeza kazi mpya, na kazi hizo mpya zilifunguka vizuri. Kisha siku ya kuhitaji lahajedwali la mwaka uliopita, programu ilikataa kulifungua ikisema limeharibika. Nikafungua la mwaka uliotangulia, nalo vile vile. Picha za stakabadhi zilifunguka nusu, na nusu nyingine ikawa rangi ya kijivu.

Fundi aliyenisaidia aliifungua ile diski mbele yangu. Ndani ya kasha hilo kubwa mlikuwa na bodi ndogo iliyobandikwa kadi ya kumbukumbu ya aina inayotumiwa kwenye simu. Alinieleza kwamba chipu inayoiongoza ilikuwa imepangwa idanganye ukubwa: inaiambia kompyuta kwamba nafasi ni kubwa sana, ilhali nafasi halisi ni ndogo mno. Nafasi halisi ikijaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani bila kutoa taarifa yoyote. Orodha ya majina hubaki salama kwa sababu huhifadhiwa sehemu ya mwanzo, ndiyo maana mtu huona kila kitu kipo na asigutuke hadi afungue faili yenyewe. Sehemu ya hesabu niliipata kwenye diski ya zamani, ambayo kwa bahati ilikuwa bado haijafutwa. Iliyobaki niliichapa upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Muuzaji alijibu kwamba muda wa kurudisha bidhaa ulikuwa umekwisha.

Zipo programu za kuligundua jambo hili mapema. Kwenye Windows kuna H2testw, na kwenye Linux kuna F3. Zote hujaza diski yote kwa data inayojulikana, kisha huisoma na kuilinganisha. Kwa diski kubwa zoezi huchukua saa nyingi, lakini ndilo jaribio linaloaminika, kwa kuwa kutazama ukubwa unaoonyeshwa na Windows hakuthibitishi chochote. Kwa hiyo, ndugu mleta mada, njia yoyote utakayoichagua kati ya zile tatu, jaribu diski mpya kabla hujaiamini na kazi yako, na usiifute ya zamani mpaka umefungua faili zilizohamishwa, hasa zile za mwanzo kabisa kunakiliwa.

Msomaji wa Pembeni

Pole sana, Bi Hesabu. Je, jaribio hilo halichakazi SSD?

Fundi wa Bodi

Kuijaza mara moja ni sehemu ndogo sana ya uhai wake. SSD ya kawaida imepimwa kuandikwa mara mamia kwa ukubwa wake wote. Bi Hesabu amesema kweli tupu, na mimi huwaletea wateja wangu majibu ya jaribio kabla sijaifunga diski ndani ya mashine.

Mlinzi wa Data

Mimi nitasimama upande wa kununua nyingine, tena ikiwezekana iwe mpya. Wote mnaongea juu ya kasi na fonti, wakati jambo zito ni usalama. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuanzia hapo kila tundu linalogunduliwa linabaki wazi kwa mtu asiyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama. Mnakumbuka WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga faili za watu na kudai fidia? Watu waliendelea kutumia Windows XP ilhali ilikwisha kuachwa tangu Aprili 2014, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Mashine ya kizazi cha zamani hata ukiitia SSD itabaki kuwa mashine iliyoachwa.

Fundi wa Bodi

Ndugu Mlinzi, nakubaliana nawe juu ya uzito wa usalama, lakini mfano wako unahitaji kusahihishwa, kwa sababu unabadilisha funzo lenyewe. Kompyuta zilizoambukizwa WannaCry kwa wingi zaidi zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unapata masasisho. Microsoft walikwisha kutoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, mwezi Machi 2017, na shambulio likaja Mei. Walioumia walikuwa hasa wale ambao kiraka kilikuwapo na hawakukiweka. Kwa hiyo mtu aliyenunua mashine mpya kisha akazima masasisho kwa sababu yanamsumbua hayuko salama kuliko mwenye mashine ya zamani yenye Linux inayosasishwa kila wiki.

Mlinzi wa Data

Napokea sahihisho hilo, ingawa halibomoi hoja yangu kuu. Aliye na Windows 7 aliweza kuchagua kukiweka kiraka. Asiye na masasisho hana cha kuchagua. Na si mfumo peke yake. Programu nazo hufuata nyuma: Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa mwaka 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho, na Steam, duka la gemu la mtandaoni, ikafanya hivyo tarehe 1 Januari 2024. Windows 10 nayo itafika hapo. Kivinjari kisichosasishwa ni hatari kuliko hata mfumo usiosasishwa, kwa kuwa ndicho kinachokutana na kurasa za kila namna.

Pengwini Mtulivu

Hoja hiyo ndiyo inayonifanya nishauri Linux. Huwezi kuitumia kumlazimisha mtu kununua mashine mpya huku njia ya pili aliyoitaja mwenyewe inalitatua tatizo lile lile.

Kalamu Nyeupe (mleta mada)

Nawashukuru wote, na hasa Bi Hesabu kwa maelezo yake. Sasa nimeangalia kama Fundi alivyoelekeza. Prosesa ni Intel Core i5-7200U. RAM ni gigabaiti 4. Diski ni ya kuzunguka, yenye terabaiti 1. TPM ipo, na inaonyesha toleo la 2.0, jambo lililonipa matumaini kidogo.

Kazi yangu kubwa ni kutafsiri nyaraka. Wateja wengi hunitumia .docx, wachache PDF. Hutumia pia programu moja ya tafsiri inayosaidia kutunza istilahi, na programu hiyo ni ya Windows. Jambo ambalo sikulitaja mwanzoni ni kwamba jioni mdogo wangu huitumia kompyuta hiyo hiyo kucheza gemu, hasa Fortnite.

Fundi wa Bodi

Sasa tunaweza kuzungumza. TPM 2.0 unayo, lakini i5-7200U ni ya kizazi cha saba, kwa hiyo Windows 11 haitaikubali kwa njia rasmi. Wengi hudhani kikwazo ni TPM peke yake, kumbe prosesa nyingi za kizazi cha saba na hata cha sita zinayo, na bado hukataliwa kwa sababu ya prosesa yenyewe.

Uzito unaouona nina hakika unatokana na diski na RAM kwa pamoja. Windows 10 na kivinjari chenye kurasa kadhaa huimaliza RAM ya gigabaiti 4 haraka, na RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kumi hivi au zaidi kila inapolazimika kusogeza kichwa chake kutafuta kipande kingine cha data, wakati SSD hutumia sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Ndiyo maana taa yako inawaka mfululizo. Ukiweka SSD ya SATA (aina ya muunganisho wa diski), hata ya kawaida kabisa, na RAM ikafika gigabaiti 8, hutaamini kwamba ni mashine ile ile. Ukilazimika kuanza na kimoja, anza na SSD.

Hata hivyo, usinunue chochote kabla ya kufungua kifuniko cha chini. Baadhi ya mashine za kundi hilo zina RAM iliyolehemewa kwenye bodi na nafasi moja ya ziada, nyingine zina nafasi mbili, na zipo chache zisizo na nafasi kabisa. Angalia pia kama RAM yako ni DDR4 au DDR3L, kwa maana prosesa hiyo hukubali zote mbili kutegemea bodi, na moja haiingii katika nafasi ya nyingine.

Msaka Gemu

Nimeona neno Fortnite, nami nina la kusema. Ndugu Kalamu, kama mdogo wako anaipenda gemu hiyo, Linux itamfungia mlango. Tangu Valve, wenye Steam, walipoleta Proton, programu ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux, mwaka 2018, gemu nyingi mno za Windows zinachezeka kwenye Linux, na Steam Deck, kifaa chao cha gemu cha mkononi cha mwaka 2022, kimejengwa juu ya kazi hiyo. Lakini gemu za mashindano ya mtandaoni zina programu za kuzuia udanganyifu, na baadhi ya waundaji wameamua kutoiruhusu Linux. Fortnite haichezeki humo. Valorant haichezeki. Apex Legends ilikuwa inachezeka vizuri kabisa, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 wenyewe wakaifungia, na waliokuwa wakiicheza kwenye Steam Deck wakapoteza gemu waliyoizoea bila kosa lolote. Hilo liliniudhi sana, na bado linaniudhi, kwa sababu mchezaji mwaminifu aliadhibiwa kwa ajili ya wadanganyifu.

Kwa gemu za mchezaji mmoja, tembelea tovuti ya ProtonDB uone taarifa za wachezaji wengine kabla ya kuamua.

Pengwini Mtulivu

Kwa Fortnite sina ubishi. Lakini tujiulize kama gemu ya jioni ndiyo iamue mfumo wa kazi ya mchana. Anaweza kuweka mifumo miwili ndani ya SSD moja: Linux kwa ajili ya intaneti na kazi za kila siku, na Windows 10 kwa ajili ya gemu na ile programu ya tafsiri.

Mhariri Mkongwe

Hapo umeirudisha Windows 10 kwa mlango wa nyuma, ndugu yangu. Kama programu ya tafsiri iko upande wa Windows na nyaraka za wateja zinafunguliwa huko, basi kazi ya mchana iko Windows, na Linux itabaki ya kusomea habari. Mtafsiri hawezi kuzima na kuwasha kompyuta kila anapotaka kuhakiki istilahi moja mtandaoni; atachoka wiki ya kwanza na kubaki upande mmoja.

Mlinzi wa Data

Kwa mazingira hayo, ushauri wangu sasa ni huu: ajiandikishe kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama wa Windows 10, ambao kwa watumiaji binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Anahitaji kuwa na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Muda huo autumie kutafuta mashine nyingine kwa utulivu. Sioni sababu ya kuingiza fedha kwenye kompyuta ambayo rasmi haina safari ndefu.

Fundi wa Bodi

SSD ya SATA haipotei, ndugu Mlinzi. Akija kununua mashine nyingine, anaweza kuihamishia humo ikiwa ina nafasi ya inchi 2.5, au akaiweka katika kasha la USB ikawa diski ya nje ya nakala rudufu. Kinachoweza kupotea ni RAM tu.

Na akinunua iliyotumika, si lazima aende kwenye mpya. Mashine za ofisi zenye prosesa za kizazi cha nane zipo nyingi sokoni, na hizo zinaikubali Windows 11 kikamilifu.

Bi Hesabu

Kwenye zilizotumika naomba tuongelee betri, kwa sababu wauzaji husema "inakaa vizuri" na neno hilo halina kipimo. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na utapata ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa inapojaa. Ukikuta uwezo wa sasa ni nusu ya ule wa mwanzo, hesabu na bei ya betri mpya papo hapo. Muuzaji anayekataa kukuruhusu kuandika amri hiyo moja, mwache.

Msaka Gemu

Nyongeza ndogo kwa mnunuzi wa iliyotumika: hakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake na kwamba diski haikufungwa kwa usimbaji. Windows 11 ya matoleo mapya ikisakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft huifunga diski yenyewe, na bila ufunguo wa tarakimu 48 hakuna kuifungua pindi bodi inapobadilishwa au mipangilio yake ikiguswa. Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye mashine, ambaye huyo si wewe.

Mlinzi wa Data

Na wewe, mleta mada, angalia kama Windows 10 yako ilifungwa kwa namna hiyo kabla fundi hajagusa diski. Pata ufunguo kwanza, uuandike mahali pengine nje ya kompyuta hiyo.

Kalamu Nyeupe (mleta mada)

Nimeangalia, haijafungwa. Nimeifungua mashine pia. Nimeona kijiti kimoja cha RAM kilichoandikwa DDR4 na nafasi moja tupu pembeni yake. Kuna pia nafasi nyembamba ndefu karibu na feni, haina kitu, na imeandikwa M.2. Je, hiyo ina maana kwamba ninaweza kuweka SSD bila kuitoa diski ya zamani? Kama ni hivyo, ninaelekea kuanza na SSD pamoja na mpango wa nyongeza wa masasisho, ila suala la kununua nyingine bado halijanitoka akilini, na mdogo wangu ameshaanza kuuliza maswali kuhusu Linux baada ya kusoma mjadala huu.

Pengwini Mtulivu

Mpe fleshi yenye Mint ajaribu. Haitagusa diski yako.

Fundi wa Bodi

Inawezekana, lakini usikimbilie. Nafasi iliyoandikwa M.2 inaweza kuwa ya SATA pekee, ya NVMe (muunganisho wa haraka zaidi) pekee, au ya zote mbili, na kwa macho mara nyingi huwezi kutofautisha. Kijiti cha NVMe kikiwekwa kwenye nafasi ya SATA pekee hakitatambulika kabisa, hata kama kinaingia. Angalia pia urefu: tundu la skrubu likiwa mbali, nafasi hukubali kijiti cha milimita 80, ambacho huandikwa 2280, na likiwa karibu huwa ni 2242. Tuandikie jina kamili la modeli, lipo kwenye kibandiko cha chini karibu na namba ya mashine, nami nitakutafutia mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo. Namba ya mashine yenyewe usiiweke hapa.

Kalamu Nyeupe (mleta mada)

Kibandiko kimefutika nusu. Nitaitafuta kwenye msinfo32 jioni, mdogo wangu akimaliza kucheza.